Mada Iliyoondolewa

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
22 Novemba 1999

Kwako Kaka Erasmo,

Salaam nyingi. Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi Naima, yule wa maabara ya ghorofa ya pili, aliyekuwa akiazima koleo zako na hazirudi. Mimi nimebaki hapahapa chuoni nafundisha. Nimesikia wewe ni mwalimu wa fizikia huko Lindi na kwamba redio zote mbovu za mji zinaishia mezani kwako.

Nina jambo. Kuna utafiti mpya umeanza kushika kasi Ulaya na Marekani. Wanasema kompyuta haitabaki kuwa sanduku la mezani. Itagawanyika iwe vidude vidogo vilivyojificha ukutani, mlangoni, hata kwenye nguo, vikitusaidia bila sisi kuvifikiria. Kompyuta za kila mahali, ndivyo ninavyoziita darasani. Idara yetu, wenzetu wa Nairobi na chuo kimoja cha Norwei tunaandaa warsha ya utafiti mwakani, mwezi wa nane, na wafadhili wamekubali. Watu walitaka Arusha, wakapige picha na mlima. Mimi nimesema ifanyike Kusini. Kikao kizima kilicheka. Mmoja akauliza, "Kila mahali maana yake na Lindi?" Nikamjibu kama si na Lindi basi wabadilishe jina.

Sasa nimeshasema, na mimi ni mtoto wa Kivinje, siwezi kurudi nyuma. Nahitaji mtu huko wa kutafuta ukumbi na malazi. Zaidi ya hayo, nahitaji mada kutoka kwa mtu anayeishi huko, siyo sisi tunaokuja na ndege na kuondoka.

Mama Rosalia hajambo? Mwambie yule binti aliyemaliza mihogo yake yote siku ile ya mahafali bado anamkumbuka.

Wako,
Naima Shamte


Lindi
9 Desemba 1999

Kwako Dada Naima,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua ya kazi. Nakubali.

Ukumbi upo, wa mapadre. Una viti vya kutosha na jenereta, maana umeme wetu una tabia zake. Wageni watalala hapohapo. Waambie waje na ndege. Barabara ikikauka ni vumbi mpaka kivuko cha Rufiji, na ikilowana haipo.

Mada ninayo. Naitoa kwa ufupi. Kuna wazee wanaofika umri wakapotewa na kumbukumbu. Mtu anatoka nje kwenda chooni, anasahau alikotoka, anaendelea mbele. Mchana vijana wote wako shambani au sokoni, nyumba zimebaki na wazee peke yao. Nafikiria kidude kidogo cha redio, kimeshonwa kwenye pindo la kanga au koti, na kisanduku ndani ya nyumba kinachokisikiliza. Mzee akivuka umbali fulani kisanduku kinapiga kengele. Si kitu cha ajabu. Lakini hiyo ndiyo kompyuta ya nguoni unayoisema, na sisi tunaihitaji kabla ya hao wa Norwei.

Nikiandika orodha ya vipuri utaniangalizia Kariakoo? Hapa maduka yamefunguka kila kona, lakini kilichojaa ni redio kaseti na vitenge.

Mama yupo, mzima. Anakusalimu sana.

Wako katika kazi,
Erasmo Nandonde


Dar es Salaam
17 Januari 2000

Kaka Erasmo,

Heri ya mwaka mpya. Vipuri vya ile orodha uliyonitumia nimempa dereva wa lori la chumvi, kijana wa kwetu, atakufikishia shuleni. Nimezunguka Kariakoo mpaka viatu vimekwisha. Muuza duka mmoja aliniuliza kama natengeneza bomu.

Nina habari njema na moja mbaya. Njema ni kwamba Lindi imepita. Mbaya ni mada yako. Mimi niliipenda, nikaitetea. Lakini wafadhili wanataka mambo ya soko: vidude vya kupima unyevu kwenye maghala ya korosho, kwa kuwa sasa wanunuzi binafsi wamejaa na kila mmoja analalamikia ubora. Siku hizi utafiti usiokuwa na mnunuzi ndani yake hausomwi. Profesa wa Norwei akaongeza kwamba wazee ni tatizo la kwao, kwamba Afrika wazee wana familia.

Na kusema kweli, hapo niliona ana hoja. Mimi na wewe tunajua jinsi kwetu kulivyo. Mtu atapoteaje hapo kwenu Mitwero, mahali ambapo ukipiga chafya jirani anakuitikia? Usikasirike. Andika ya korosho, unaijua kuliko sisi sote, na nafasi yako ya kuzungumza siku ya kwanza ipo palepale.

Ukumbi wa mapadre tumeukubali. Waulize kama wanaweza kupika bila nguruwe, wa Mombasa watatu wanakuja.

Naima


Lindi
11 Februari 2000

Dada Naima,

Vipuri vimefika salama, asante, na dereva wako kanywa chai. Mapadre wamecheka, wanasema nguruwe mwenyewe hawajamwona tangu Pasaka iliyopita.

Ya korosho nitaandika. Lakini naomba niruhusiwe kusema tena juu ya ile nyingine, maana nimeshaijaribu.

Nimejaribu kwa mzee mmoja wa hapa jirani, mwanamke, Mmakonde wa bara aliyehamia pwani zamani. Mchana hujua alipo, ikifika alasiri huanza kuhangaika. Huamka, hujifunga kanga vizuri, hukunja nguo zake ndani ya nyingine, na kusema kwamba wenyewe wa nyumba hii wamemkirimu vya kutosha, sasa aende kwao. Ukimwambia hapa ndipo kwake hukuangalia kwa adabu, kama mtu asiyetaka kukuumbua. Kiswahili kinamtoka kidogokidogo, amebaki na Kimakonde. Humwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe, na mwanawe siku hizi huitika, ni rahisi zaidi.

Nilishona kidude kwenye pindo la kanga yake. Siku ya kwanza alikitafuna. Nikakihamishia nyuma. Sasa hakihisi. Akipita mwembe wa jirani kengele inalia, mwanawe anamfuata. Imetokea mara kadhaa na kila mara imefanya kazi. Tangu hapo mwanawe analala usingizi.

Majirani wanaitikia chafya, ni kweli. Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka wanaanza kuuliza nani kamfanyia nini, na wenye nyumba wanafunga mlango. Hilo mwambie profesa.

Mama anaendelea vizuri.

Erasmo


Dar es Salaam
6 Machi 2000

Kaka Erasmo,

Nimeisoma barua yako kwenye kikao. Yote, neno kwa neno, nikiitafsiri palepale. Nilipofika kwenye kukunja nguo ndani ya nyingine, mwenzetu wa Nairobi alivua miwani. Hivi ndivyo mada inavyotakiwa kuandikwa! Wewe ni mtafiti, Erasmo, sijui unafanya nini kwenye ubao wa chaki.

Wamelegea, lakini wanataka kukusikia wewe mwenyewe. Tumepanga hivi: Jumanne baada ya Idi, tarehe 21, kikao chote kitakuwa ofisini kwangu na simu itawekwa kwenye spika. Nenda ofisi ya simu pale mjini, uwaeleze unangoja simu kutoka Dar. Nitapiga kuanzia saa nne asubuhi. Laini za Kusini unazijua, huenda nikajaribu mpaka mchana, kwa hiyo tafadhali usiondoke. Ukiondoka nikipata laini nikakukosa, mada imekufa.

Na mimi pia nitafurahi kuisikia sauti yako. Miaka mingi.

Naima


Dar es Salaam
23 Machi 2000

Kaka Erasmo,

Naona haya kuandika. Jumanne sikupiga. Kikao kilivamiwa na jambo jingine, wakabishana asubuhi nzima, na tulipotoka mchana wageni walikuwa wanawahi ndege. Jioni nilijaribu mara moja, laini ikawa inalia tu. Natumaini ulichoka mapema ukaenda zako.

Lakini sikiliza: mada yako imepita! Bila simu. Wa Nairobi alisema hakuna haja ya kumhoji mtu anayeandika hivyo. Utazungumza siku ya kwanza, asubuhi, kabla hata ya profesa. Niletee muhtasari wa ukurasa mmoja mwisho wa mwezi ujao, na kama yule mama mzee na mwanawe watakubali, tungependa kuwatembelea na wageni.

Msalimie Mama Rosalia. Nikija nitaleta mihogo yangu mwenyewe.

Naima


Dar es Salaam
18 Aprili 2000

Mwalimu Erasmo,

Barua yangu ya Machi hujaijibu. Najua mvua zimekata barabara, lakini barua ya mapadre kuhusu vyumba imefika juzi, kwa hiyo njia ipo.

Kama umenikasirikia kwa ajili ya ile simu, nikasirikie kwa maandishi. Muhtasari wako nautaka. Programu inakwenda kwa mpiga chapa na kwenye nafasi yako nimeandika jina tu, chini yake patupu.

Naima Shamte


Mtama
2 Mei 2000

Kwa Dada Naima, Chuo Kikuu, Dar es Salaam.

Salaam. Mimi hunijui. Naitwa Romana Nandonde, ni dada yake Erasmo, nimeolewa huku Mtama. Nimekuta barua zako mbili kwa Erasmo hazijafunguliwa, nyuma pana anwani, nikaona si vizuri mtu anaandika hajibiwi. Sikuzifungua.

Tumefiwa na mama yetu, Mama Rosalia. Labda hujapata habari.

Mama alikuwa anaumwa muda mrefu, ugonjwa wa kusahau. Erasmo alikuwa naye peke yake Mitwero. Mimi nilimwambia mlete huku, akakataa, akasema amemtengenezea kitu cha redio cha kumchunga. Kweli kilikuwa kinafanya kazi, hata mimi nilikiona. Ilikuwa Jumanne ile ya baada ya Idi. Erasmo alikuwa mjini tangu asubuhi, sijui kwa shughuli gani, hataki kusema. Mama akatoka. Mzee Huseni, jirani, anasema kengele aliisikia. Ililia, ikalia, yeye akadhani ni redio ya mwalimu, mwalimu huwa anajaribu redio zake. Ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe. Mzee Huseni sasa haji kwetu, anaona aibu, na mimi nimemwambia hana kosa.

Alipita mjini. Watu wengi walimwona. Alikuwa amejitanda kanga vizuri na furushi lake kichwani, anatembea kama mtu anayejua aendako, akiwasalimu watu. Nani atamsimamisha mtu wa namna hiyo? Erasmo alirudi jioni akakuta mlango wazi. Walimtafuta Mitwero yote, hakuna aliyefikiria kwamba ameshafika mbali. Alionekana siku ya tatu karibu na Mingoyo, kwenye lile shamba la zamani la mkonge. Amekaa, ameegemea, furushi mapajani. Ilikuwa njia ya huku. Alikuwa anakuja kwetu juu.

Tumemzika huku alikozaliwa. Erasmo amerudi kazini, anafundisha, anakula kidogo. Ukimwandikia mwandikie taratibu.

Romana Nandonde


Dar es Salaam
15 Mei 2000

Erasmo,

Pole. Pole sana ndugu yangu. Romana ameniandikia. Usimkasirikie.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Kwa nini hukuandika "mama"? Ukaandika mzee mmoja wa hapa jirani. Ukaandika mwanawe. Mimi nikaisoma mbele ya watu kwa sauti, nikakusifu kwa jinsi ulivyoandika, na kila mwisho wa barua ukaniambia Mama mzima, Mama anakusalimu. Ningejua ni yeye ningepanda lori la chumvi mimi mwenyewe.

Na sasa nikuulize jambo moja, unijibu kwa kweli. Romana ameandika ni Jumanne baada ya Idi. Ameandika ulikuwa mjini tangu asubuhi. Erasmo, ulikuwa ofisi ya simu? Ulikuwa unaningoja?

Warsha naifuta. Nitawaambia tuhamie Dar au tuache kabisa. Sitaweza kukaa kwenye ukumbi ule nikitamka maneno ya kompyuta zinazotutunza.

Naima


Lindi
10 Juni 2000

Dada Naima,

Asante kwa pole zako. Zimefika.

Usiifute warsha. Mapadre wameshapaka chokaa na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamechaguliwa kuwapokea wageni, wanafanya mazoezi ya Kiingereza mpaka kwenye foleni ya maji. Wana haki ya kuona watu wamekuja Lindi kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa korosho. Nitapanga kila kitu kama tulivyokubaliana. Mada yangu tu ndiyo naomba iondolewe.

Umeuliza kwa nini sikuandika "mama". Tulifundishwa pamoja, na katika taarifa ya utafiti mtu hamwingizi mama yake. Hilo ndilo jibu la mwalimu. Jingine ni kwamba watu walikuwa wanasema. Walisema amefanyiziwa, wengine wakasema amefanya yeye na sasa yamemrudia. Mama yangu, aliyewafundisha kusoma nusu ya wanawake wa mtaa ule kwenye elimu ya watu wazima. Nilitaka pawe na mtu mmoja duniani ambaye bado anamjua alivyokuwa. Mtu huyo alikuwa wewe, uliyekula mihogo yake. Kila nilipoandika kwamba ni mzima, kwako aliendelea kuwa mzima.

Salamu hazikuwa uongo. Nilikuwa namsomea barua zako. Aliniuliza, "Huyu binti ni wa nani?" Nikamwambia ni wa Kivinje. Akasema, "Mwambie aje kabla sijaondoka."

Kuhusu siku ile, nilikuwa mjini kwa shughuli za shule. Mitihani. Usijisumbue na hilo.

Vyumba vyote viko tayari. Naomba uniletee majina ya wageni kwa ajili ya vyandarua.

Erasmo


Dar es Salaam
4 Septemba 2000

Erasmo,

Warsha imekwisha na kila mtu ananipongeza. Wa Norwei anasema hajawahi kuona maandalizi kama yale, na amechukua anwani za wanafunzi wako wawili. Taarifa ya maghala ya korosho itachapishwa.

Nimekuona siku zote nne na sikukuona. Ulikuwa unahamisha viti, unawasha jenereta, unamtafutia mtu dawa ya tumbo. Ilipofika saa yako siku ya kwanza ukasimama ukasema, "Mada hii imeondolewa, tutakunywa chai mapema," ukatabasamu, na watu wakatoka kwenda kunywa chai. Nilibaki ukumbini peke yangu. Nilipotoka ulikuwa unamimina chai kwenye vikombe vya wageni, na mkono wako ulikuwa imara kabisa.

Siku ya mwisho, wewe ukiwa uwanja wa ndege na mizigo, nilikwenda ofisi ya simu nipige Dar. Dada wa pale aliponisikia nikitaja chuo akaniangalia. Akasema, "Kumbe wewe ndiye wa Dar. Kuna mwalimu alikaa kwenye benchi hilo kutwa nzima akikungoja. Nilimwambia nenda ukale, nitakuitia, akakataa. Nilifunga ofisi bado yupo."

Kwa hiyo sasa najua, na wewe ulijua, ukaniandikia mitihani.

Nitakuambia kitu ambacho hukijui. Lile jambo lililovamia kikao asubuhi ile, lililonifanya nisinyanyue simu iliyokuwa mbele yangu, lilikuwa mifuko. Mifuko ya kubebea karatasi za washiriki. Walibishana iwe ya kitenge au ya turubai, na nembo ya nani iwe juu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kitenge. Umebeba mifuko ile mwenyewe kutoka kwenye gari, Erasmo, ukaipanga mezani, ukasema ni mizuri.

Sikuombi unisamehe. Sijui niombe nini. Niandikie chochote, hata matusi.

Naima


Mitwero
29 Septemba 2000

Naima,

Mifuko ilikuwa mizuri. Hilo sikulisema kwa adabu tu.

Umejua, basi sina sababu ya kuendelea kuficha. Nilikuficha kwa kuwa niliona mzigo ukigawanywa hauwi mwepesi, unakuwa miwili. Mimi ndiye niliyefunga mlango asubuhi ile nikaiamini kengele. Kengele haikuniangusha. Ilifanya kila nilichoitengeneza ifanye. Niliitengeneza imwite mtu, sikumwachia mtu nyumbani, na Mzee Huseni sikuwahi kumweleza ni ya nini, kwa aibu yangu. Ningemwambia maneno mawili tu angetoka. Hapo huwezi kuingia wewe, wala simu yako.

Nimekwenda kwake juma lililopita. Tulikaa barazani. Nilimwambia yote, alilia, na kesho yake akaja kwetu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sasa huja karibu kila siku. Tunazungumza habari za mpira.

Dada wa ofisi ya simu amekuambia kweli, lakini hakukuambia yote kwa kuwa hakuyaona. Anadhani niliteseka kwenye benchi lile. Watu wote wanadhani hivyo, hata Romana atadhani hivyo akijua, na wananihurumia.

Asubuhi ile nilinyoa ndevu. Nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nimeandika ya kusema kwa kikao, nikayaacha, nikawa nafikiria ya kukuambia wewe wakishatoka ofisini. Kila simu ilipolia ndani moyo ulinipanda. Watu walipita nje, barabara ilikuwa imejaa watu wa soko, na mimi sikutazama barabarani hata mara moja, nilitazama simu. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, sikuona njaa. Kwa muda mrefu sana nilikuwa sijakaa mahali bila kusikiliza kama mama ametoka. Nilikaa nikiwa mtu aliyealikwa.

Hicho ndicho kinachoniamsha, Naima, na sijamwambia mtu mwingine. Si kwamba hukupiga. Ni kwamba siku ile yote, mpaka dada alipokuja na funguo kufunga mlango, nilikuwa na furaha.

Erasmo